Ubia na makampuni usiwe danganya toto

KILA mwaka ifikapo Juni nchi yetu huwa na sherehe mbili zinazofuatana. Juni 12 ni siku ya dunia ya kupinga kazi za watoto, na Juni 16 ni Siku ya Mtoto wa Afrika, inayoadhimishwa tangu 1991 kuwakumbuka wanafunzi waliopigwa risasi Soweto mwaka 1976. Siku hizo watoto huvalishwa fulana kubwa kuliko wao, hughani ngonjera mbele ya mgeni rasmi aliyechelewa saa mbili, hupewa soda moja moja, kisha mgeni rasmi huyoo, anaondoka na msafara wake. Mgongoni mwa zile fulana, mara nyingi, pana nembo ya kampuni. Huyo ndiye mdhamini. Au kwa lugha mpya inayopendwa na wakubwa, mbia.

Gazeti hili halina ugomvi na neno ubia. Tulilizoea tangu miaka ya tisini, mashirika ya umma yalipokuwa yakinadiwa na kila kiwanda kikitafutiwa mbia. Kiwanda cha sigara cha TCC pale Chang'ombe kilimpata wa kwake mwaka 1995, Wamarekani wa R.J. Reynolds, na mwaka 1999 kikaangukia mikononi mwa Japan Tobacco baada ya Wajapani kununua biashara ya Wamarekani hao nje ya nchi yao. Enzi hizo tulijifunza kwamba ukiambiwa habari za ubia, uliza mbia analeta nini, anaondoka na nini, na nani anashika daftari. Maswali hayo hayo tunayauliza leo juu ya ubia wa makampuni na haki za mtoto.

Msimamo wetu tunautoa mapema, ili hata yule anayesoma juu juu pale kijiweni aondoke nao. Tunasema kampuni inayotaka kuwa rafiki wa mtoto ianzie kwenye fedha inayomlipa baba na mama wa mtoto huyo. Ikianzia kwenye dawati, kisima au fulana huku bei imeikalia kimya, hiyo ni danganya toto, na safari hii neno hilo lichukueni kwa maana yake kamili.

Twende Urambo. Mji huu uko mkoani Tabora, kwenye reli iendayo Kigoma. Waingereza walifika huko baada ya Vita Kuu ya Pili na mpango wao wa karanga, ule ulioanza 1947 ukagusa Kongwa, Urambo na Nachingwea, na kufikia 1951 ukawa umekufa baada ya kumeza mamilioni ya paundi za walipa kodi wao. Karanga ziligoma. Ikaingia tumbaku, na tumbaku haikugoma hadi leo.

Asiyeijua tumbaku hudhani ni zao kama mahindi, unapanda, unapalilia, unavuna, basi. Kumbe ni kazi juu ya kazi. Kitalu kinataka maji kila siku. Miche ikihamishiwa shambani inataka palizi na mbolea. Ikikua inakatwa maua na kung'olewa machipukizi, mche mmoja mmoja, ili nguvu iende kwenye majani. Majani nayo hayaivi kwa pamoja, kwa hiyo huchumwa kidogo kidogo kuanzia chini, hufungwa kwenye vijiti na kupandishwa katika bani, ile nyumba ya kukaushia. Na bani halilali. Moto wake unachochewa usiku na mchana kwa siku kadhaa, na mchochezi akipitiwa na usingizi, joto likashuka au kuzidi, majani yote mle ndani yanaporomoka daraja na msimu wa familia unaporomoka pamoja nayo.

Sasa angalieni kalenda. Shule zinafunguliwa Januari. Uchumaji unapamba moto kati ya Februari na Aprili. Mikono midogo inayotakiwa darasani ndiyo inayotakiwa shambani, wiki zile zile.

Liko jambo jingine ambalo wavutaji miongoni mwenu watalielewa haraka. Kumbuka sigara yako ya kwanza ilivyokuzungusha kichwa ukatafuta ukuta wa kushika. Ile ni nikotini. Majani mabichi ya tumbaku yakiwa na umande, nikotini hiyo hiyo hupenya kwenye ngozi ya anayeyachuma, naye hupata kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na kichwa kumgonga. Mtu mzima huugua. Mtoto wa miaka kumi, mwenye kilo chache mwilini, dozi hiyo ni kubwa zaidi kwake. Anaipata bila kuvuta, kwa kushika tu.

Sheria tunazo, tena nzuri. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Mwaka 2001 iliridhia mkataba namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, unaopiga marufuku kazi mbaya zaidi za watoto, na mwaka huo huo ikawa miongoni mwa nchi tatu za kwanza duniani, pamoja na Nepal na El Salvador, kuanza mpango wa kuzifuta kwa muda maalumu. Tuna sheria ya ajira ya mwaka 2004, tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi, na wa chini ya 18 hagusi kazi ya hatari. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, hairuhusiwi kwa mtoto. Pamoja na sheria hizo zote, utafiti wa serikali yenyewe wa mwaka 2014 ulikuta watoto milioni 4.2 wenye umri wa miaka 5 hadi 17 katika utumikishwaji, yaani asilimia 28.8, na walio wengi wako kwenye kilimo. Hizo si takwimu za wapinzani.

Je, mzazi wa Urambo ni katili? Wapo wanaopenda jibu hilo, maana linawaosha wengine wote. Semina nyingi tunazozisikia hutumia neno "mwamko": eti mkulima hana mwamko. Hebu tuliangalie daftari lake kwanza, halafu tuuzungumze mwamko.

Mkulima hujiunga na chama cha msingi. Chama hufunga mkataba na kampuni kwamba kitaleta kilo kadhaa. Mbolea, dawa na nyuzi huja kwa mkopo. Mwisho wa msimu tumbaku hupelekwa sokoni, ikapangwa madaraja chungu nzima, na kila daraja lina bei yake. Jani alilodhani mkulima ni la kwanza likiitwa la nne, hana pa kulipeleka, kwa sababu mkataba ni na mnunuzi yule yule. Deni la pembejeo hukatwa kwanza. Kinachobaki ndicho ujira wa miezi tisa wa familia nzima. Mwenye shamba anayetaka vibarua wazima, wale vijana wanaotoka Kigoma na kwingineko, lazima awalishe na kuwalipa. Asiyeweza anageukia walio bure, nao wanalala chumba cha pili.

Hapo ndipo ilipo siri ya kazi ya watoto katika tumbaku. Katika bei ile mtu hakuweka nafasi ya kumlipa mtu mzima wa kuchochea moto saa 8 usiku. Pengo hilo anaziba mtoto. Kwa maneno mengine, mtoto wa Urambo anaifadhili sigara, naye hajui.

Tusiwaonee watu. Makampuni hayo hayakukaa kimya kabisa. Mwaka 2000 ulianzishwa mfuko uitwao ECLT, makao yake Geneva, fedha zake zikitoka kwa makampuni makubwa ya sigara na ya majani ya tumbaku, kazi yake ikiwa kupiga vita utumikishwaji wa watoto katika zao hilo. Kati ya 2011 na 2015 mfuko huo uliendesha mkoani Tabora mradi wa PROSPER kupitia shirika la Winrock. Watoto walirudishwa shule, vijana wa miaka 14 hadi 17 wakafundishwa kilimo katika mashamba ya mafunzo, akina mama wakaunda vikundi vya kuweka na kukopa. Mtoto aliyetoka kwenye bani akakaa darasani kwa sababu ya mradi ule amepata kitu cha kweli, nasi hatuwezi kumwambia kwamba hakupata. Kikundi cha akina mama kina maana kuliko semina mia.

Lakini mradi huzaliwa na tarehe yake ya kufa. Tumbaku haina tarehe hiyo. Na katika miaka yote hiyo ya ubia, lile daftari, yaani bei, madaraja na makato, lilibaki chini ya kwapa la mnunuzi. Mbia alikubali kuzungumzia kila kitu isipokuwa hicho.

Hata ILO, shirika la kazi la dunia nzima, lilijikuta katika tope hili. Lilikuwa limepokea zaidi ya dola milioni 15 kutoka kwa Japan Tobacco International na mifuko ya wenye tumbaku kwa ajili ya miradi dhidi ya kazi za watoto. Watetezi wa afya wakapiga kelele: vipi mlinzi wa mfanyakazi alipwe mshahara na anayelindwa dhidi yake? Vikao vikakaa, vikaahirishwa, vikakaa tena. Kufikia mwisho wa 2018 mikataba ile ilimalizika bila kuhuishwa. Wapo waliosikitika kwamba watoto wamekosa fedha, na hoja yao si ya kupuuza, maana serikali zilizoshangilia hazikuharakisha kuziba pengo. Fedha hizo tunazitaka ziendelee kutoka, kwa vile wanaodaiwa wanadaiwa kweli. Ila zisipite mfukoni mwa hakimu.

Mtu atatuuliza, je, makampuni yafukuzwe? La hasha. Upo ubia uliowahi kufanya kazi, na mfano wenyewe ni wa kitu mnachokijua kuliko tahariri yoyote. Mpira.

Mji wa Sialkot, Pakistan, ndio uliokuwa ukishona sehemu kubwa ya mipira ya miguu ya kushonwa kwa mkono duniani. Vipande 32, sindano na uzi. Wenye viwanda waliwapa mawakala vipande hivyo, mawakala wakavisambaza vijijini, na majumbani huko walioshona ni pamoja na watoto. Mwaka 1996 jarida la Marekani la Life lilichapa picha ya mtoto akishona mpira wenye alama ya Nike, na dunia ya soka ikaona aibu. Februari 1997, katika mji wa Atlanta, wafanyabiashara wa Sialkot walitia saini makubaliano na ILO na UNICEF. Kazi ikatolewa majumbani na kupelekwa katika vituo vilivyoandikishwa. Wakaguzi wa ILO wakawa wanatembelea vituo bila kutoa taarifa. Hodi kwanza, barua baadaye.

Kwa nini pale ilishika? Si kwa huruma. Wanunuzi wakubwa waliogopa kupoteza soko, na wauzaji waliogopa kupoteza wanunuzi. Mahali pa kazi palijulikana kwa jina na anuani, na mkaguzi hakupanda gari la mkaguliwa. Hata hivyo isisemwe kwamba ilikuwa pepo. Wanawake waliokuwa wakishona nyumbani huku wakilea, ambao mila haikuwaruhusu kwenda vituoni kuchanganyika na wanaume, walipoteza kipato chao, na aliyewafidia hatujamsikia. Na mwaka 2006 Nike ilipoikuta kampuni moja kubwa ya huko ikirudisha ushonaji majumbani, ilikata mkataba, na walioumia kwanza ni washonaji. Hivyo hata ubia wenye meno unahitaji kumwangalia mzazi, la sivyo unamtoa mtoto kazini na kumtia njaani.

Mfano wa upande wa pili ni chokoleti. Mwaka 2001 Bunge la Marekani lilikuwa karibu kuweka sheria ya kubandika alama kwenye chokoleti isiyo na jasho la watoto watumwa. Makampuni yakaomba yaachiwe yajirekebishe kwa hiari. Yakaahidi mwaka 2005. Ukafika, yakaahidi 2008, kisha 2010, kisha yakasema yatapunguza kwa asilimia 70 ifikapo 2020. Mwaka huo wa 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago wakatangaza kwamba watoto milioni 1.56 bado wako kwenye kakao Ivory Coast na Ghana. Miaka 19 ya hiari.

Wakubwa wa dunia nao wanajua tatizo liko wapi. Mwaka 2012 UNICEF, Save the Children na mpango wa Umoja wa Mataifa wa kushirikiana na makampuni walitoa kanuni kumi za haki za mtoto na biashara. Kanuni ya pili inataka kampuni ichangie kukomesha utumikishwaji wa watoto. Hiyo inapendwa, inapendeza kwenye mabango. Ya tatu, inayotaka kampuni itoe kazi ya heshima kwa vijana, kwa wazazi na kwa walezi, haibandikwi ukutani mara nyingi. Yenyewe ndiyo ingemfuata mhasibu ofisini kwake.

Hapa kwetu serikali inaweza kuanza kesho kama inataka. Ushuru wa mazao hulipwa na mnunuzi kwa halmashauri ya wilaya. Mwaka 2017 ushuru huo kwa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3, kwa maelezo kwamba mkulima atapumua. Tunauliza: ile asilimia 2 iliingia kwenye bei ya mkulima, au ilibaki kwa mnunuzi? Aliye na hesabu atuonyeshe. Maana inawezekana kabisa kwamba madawati yanayokabidhiwa kwa mbwembwe, na Mkuu wa Wilaya akipiga picha, yamenunuliwa kwa fedha ambayo zamani halmashauri ilikuwa ikiikusanya kwa haki, bila kumpigia mtu makofi.

Mwaka huo huo wa 2017 sheria ya madini ilirekebishwa. Mwenye mgodi mkubwa sasa hawezi kujitolea anavyopenda. Lazima kila mwaka aandae mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Mpango huo una kasoro zake, na haufiki kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, ambako mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch liliwakuta watoto wa hata miaka minane wakichimba Geita, Kahama na Chunya, wengine wakishika zebaki kwa mikono mitupu. Lakini angalau ni sheria. Kama dhahabu ina sheria, tumbaku imekosa nini? Au kwa kuwa kiwanda cha sigara ni miongoni mwa walipa kodi wakubwa, tunaogopa kumkohoza?

Vijana wenzetu wa Manzese, Buguruni, Kirumba na Mwanjelwa mnaweza kusema haya ni mambo ya shamba. Si kweli. Mtoto aliyekosa darasa Urambo hakai Urambo. Anapanda treni. Ndiye utakayemkuta stendi akibeba mzigo kwa nusu ya bei yako, ndiye anayesukuma zege kwa ujira ambao wewe ungeukataa, na msimamizi akikugeukia anasema, "Kama hutaki, acha, wapo." Chupa za plastiki na vyuma chakavu vinavyookotwa na watoto majalalani hupimwa kwa kilo na dalali, dalali ana tajiri wake, na mwisho wa mnyororo huo kipo kiwanda chenye jina, geti na mlinzi. Ujira wetu mjini umeshushwa na watoto wasiojua kwamba wanashindana nasi. Kuwarudisha shule ni kazi ya kutetea matumbo yetu pia, na tusione haya kulisema hivyo.

Mwaka 2025 ndio dunia ilijiwekea kuwa mwisho wa kazi za watoto za kila aina. Ripoti ya ILO na UNICEF ya mwaka huo ilikiri kwamba lengo limekwama, na kwamba mwaka 2024 watoto milioni 138 walikuwa kazini duniani. Kwa hiyo hatutashangaa mkipewa mwaka mwingine wa kusubiri.

Sisi hatuombi mwaka. Tunaitaka Bodi ya Tumbaku, makampuni na vyama vya msingi watakapokaa kupanga bei ya msimu ujao, waweke mezani hesabu ya siku za kazi za mtu mzima katika ekari moja na ujira wake, kisha hesabu hiyo ibandikwe kwenye mbao za matangazo za vyama, kwa Kiswahili, mkulima aisome. Tunataka michango ya makampuni kwa shule iingie kwenye bajeti ya halmashauri, na diwani aulizwe imekwenda wapi. Na Wizara ya Kazi ipeleke wakaguzi wake Urambo, Kaliua na Sikonge mwezi Machi, kwa gari la serikali na mafuta ya serikali, wasipige simu kabla, wala wasianzie ofisi ya kampuni. Waanzie kwenye bani, saa 4 usiku, wamulike tochi waone nani anachochea moto.